Mgeni wa usiku mmoja: namna ya kumtafuta ndani ya mashapo ya pango

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyekaa mpaka akapewa jembe hatusumbui: ameacha jalala, vigae, mashimo ya nguzo, pengine hata kaburi. Anayesumbua ni yule aliyeondoka kabla ya jembe. Alifika jioni amelowa, akawasha moto mdomoni mwa pango, akapasua jiwe moja apate makali ya kukatia nyama, akalala, na alfajiri akashika njia. Hayo yalipita miaka 20,000 iliyopita, na leo umesimama mbele ya ukuta wa udongo wa mita mbili ukijiuliza kama yumo.

Ninaandika kwa ajili yako uliye Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, mwanafunzi wa jiolojia au wa historia, au fundi wa labo kama mimi. Kazi yangu ya kila siku ni kukata mawe. Vipande vya miamba ya shaba na kobalti vinaletwa kwetu, tunavikata kwa msumeno wa almasi, tunavigandisha kwenye kioo na kuvisaga mpaka unene wa milimita 0.03, mwanga upite. Kipande hicho tunakiita lame, kwa Kifaransa cha labo. Mashine hizo zililetwa mjini kwa ajili ya mukuba (shaba), lakini ndizo zinazoweza kumfichua mgeni wa usiku mmoja. Wengi wanadhani kazi ya pangoni ni kuchimba. Kwa mgeni wa namna hii, kuchimba sana ndiko kunakompoteza.

Anza na mgeni wa leo

Kabla hujagusa udongo wa zamani, tafuta pango ambamo watu bado wanalala. Yapo. Katika pango moja la chokaa upande wa Likasi (jina nalihifadhi, pango likitajwa leo, wiki ijayo lina mashimo ya watafuta mali) tulikuta jivu ambalo halijamaliza mwezi. Mzee aliyetuongoza alikuwa anacheka.

– Papa, nani analala humu?

– Ni mimi, mwanangu. Mvua ikinikuta njiani na baiskeli ya makala (makaa), naingia hapa. Asubuhi natoka.

– Umelala mara ngapi?

– Mwaka huu? Mara mbili. Ile nyingine si mimi.

Sisi tulikuwa tumehesabu moto mmoja. Kumbe ni mitatu, ya watu wawili, kwenye jivu lilelile.

Tukaorodhesha alichoacha: mawe matatu yaliyoungua upande mmoja, jivu la upana wa sahani na unene wa kidole, gunzi la muhindi, majani yaliyolaliwa, kipande cha mpira wa baiskeli cha kuwashia moto. Kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukiona mpaka mwenzangu aliponionyesha: vibonge vidogo vya udongo mwekundu wa barabarani juu ya udongo wa kijivu wa pango. Vilitoka kwenye viatu. Tuliporudi mwezi wa 5, mvua zimekwisha, jivu lilikuwa limebaki utando, majani yameliwa na mchwa, gunzi halipo, na mawe mtu ameyasogeza. Vibonge vyekundu vilikuwapo bado. Viweke akilini, tutavirudia.

Kama huna pango, fanya jaribio hili katika lupango lako (kiwanja cha nyumbani). Washa moto wa kuni usiku mmoja tu, choma viazi vitamu na mfupa wa kuku, pasua jiwe jeupe la kwarizi kando ya moto, kanyagakanyaga, kisha uache. Usitumie mbabula (jiko la makaa), moto lazima uguse ardhi. Mvua zikipita, kata kipande cha udongo hapo kama nitakavyoeleza. Utajifunza zaidi ya mihadhara kumi.

Hatua ya 1: ruhusa

Mabaki ya kale nchini yanalindwa na sheria ya mwaka 1971 kuhusu mali za utamaduni. Hata ndoo moja ya udongo wa pango inahitaji kibali. Anzia Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi au idara husika ya chuo kikuu, upate barua, kisha nenda kwa chifu wa kijiji. Usimfikie chifu mkono mtupu, na usiingie pangoni kabla hajasema neno. Mapango mengine yana wenyewe, wafu na wahai, na sehemu nyingine hakupigwi kelele wala hakuingizwi chumvi. Fuata. Mara nyingi wanaojua miiko ndio wanaojua pia nani analala wapi.

Hatua ya 2: popo

Hapa sitanii. Kati ya mwaka 1998 na 2000, huko Durba kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, wachimba dhahabu walioshuka katika mgodi wenye popo waliugua homa ya Marburg: wagonjwa 154, na 128 kati yao walikufa. Vumbi la kinyesi cha popo pia hubeba kuvu anayeshambulia mapafu. Pango lenye kundi kubwa la popo liache, hata kama lina mashapo mazuri namna gani. Lenye popo wachache, ingia na barakoa ya kuchuja vumbi (ya kitambaa haitoshi), glavu na nguo utakazovua nje. Usile ndani. Kichwa kikianza kuuma au ukijikuta unahema haraka katika shimo la chini, toka: hewa mbaya haina harufu.

Hatua ya 3: chagua mahali pa kukata

Jiulize wewe ungelala wapi. Mtu wa usiku mmoja haendi ndani sana. Anataka mwanga wa mwisho wa jua, anataka moshi utoke, na hataki matone yamwangukie. Kwa hiyo tafuta mstari wa matone, pale maji ya paa yanapodondokea, kisha ingia hatua mbili hadi tano. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ila mdomo wa pango hutembea. Paa huanguka kidogo kidogo, na mstari wa matone wa leo si wa zamani. Mawe makubwa yaliyolala nje yanaweza kuwa paa la chumba alichokuwa mgeni wetu. Na sheria hii ina wavunjaji wake. Katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, dalili za moto wa miaka kama milioni moja, zilizotangazwa mwaka 2012, zilipatikana mita 30 hivi ndani. Hazikuonekana kwa jicho: zilikuwa majivu ya mimea na vipande vya mifupa iliyoungua ndani ya vipande vyembamba vya udongo chini ya hadubini.

Hatua ya 4: kata kidogo

Sisi wa ukanda wa shaba tuna funzo letu. Mwaka 1921, mgodini Kabwe, ng'ambo ya mpaka Zambia, wachimbaji wa risasi na zinki walitoa fuvu la mtu wa kale, karibu zima. Pango alimokuwa lilibomolewa lote pamoja na kilima chake. Fuvu likabaki bila udongo wake, na ilichukua karibu miaka 100 kupata umri wa kuaminika: utafiti wa mwaka 2020 uliukadiria kuwa miaka 299,000 hivi. Kama alilala pale, kama alikula pale, au kama aliburutwa na fisi, udongo ndio ungesema, nao uliyeyushwa.

Kwa hiyo usifungue shimo kubwa. Mara nyingi maji au watu wamekwishakata ukuta mahali fulani, tumia huo. Usafishe kwa mwiko mdogo, upana wa mita moja unatosha, kuanzia juu kwenda chini. Upulizie maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, subiri dakika tano, kisha ulaze mwanga wa tochi ubavuni mwa ukuta. Tabaka zilizojificha zitajitokeza: mstari wa kijivu, doa jeusi lenye unene wa ukucha, utando mweupe. Piga picha pamoja na rula. Kisha chora kwa mkono. Simu inapiga picha nzuri kuliko mimi, lakini mkono unapochora unalazimisha jicho kuamua mstari unaishia wapi.

Hatua ya 5: toa tofali la udongo

Hii ndiyo hatua ambayo sikuruhusu uiharakishe.

Mgeni wa usiku mmoja ameacha unene wa milimita chache. Ukiukwangua kwa mwiko na kuutia katika sashe (mfuko) umekwisha mchanganya na waliomtangulia na waliomfuata. Inabidi umtoe akiwa amelala kama alivyolala. Chukua debe la mafuta, likate upate kisanduku cha bati kisicho na uso wala mgongo, kama sentimita 12 kwa 8, kina 5. Kibandike ukutani, tabaka unayoitaka ikiwa katikati, na la muhimu zaidi, mpaka wake wa juu na wa chini vyote viwe ndani. Chonga udongo kwa kisu kukizunguka huku ukikisukuma taratibu. Ukikutana na jiwe, usilipige, zunguka. Kikiwa kimejaa, kabla hujakitoa, andika kwa kalamu ya wino usiofutika: mshale wa juu, upande wa kaskazini, namba, kina. Tofali lisilo na mshale wa juu ni udongo tu.

Udongo ukiwa mlegevu, achana na bati. Nunua famasi bandeji za plasta, zile za kufungia mguu uliovunjika. Chonga nguzo ndogo ukutani, ifunike kwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa, ifunge bandeji, subiri ikauke, kisha ikate kwa nyuma. Plasta nayo ni nyeupe kama majivu, kwa hiyo karatasi ni ya lazima. Bila karatasi utakuja kusoma plasta yako mwenyewe ukidhani ni majivu.

Tofali ngapi? Bora matatu yaliyochukuliwa kwa akili kuliko ishirini ya papara. Moja pale panapoonyesha dalili. La pili tabaka ileile, mita moja kando, pasipo na dalili. La tatu nje ya pango kabisa, kwenye udongo wa kawaida wa msituni. Hilo la tatu wanafunzi wote wanalisahau, na bila hilo huwezi kusema ni kipi kililetwa na mtu na kipi kilikuja chenyewe na upepo.

Katika safari ya kurudi mjini, tofali lishike mapajani. Nyuma ya pikapu kwenye barabara zetu, tofali linafika likiwa unga.

Hatua ya 6: ndoo na chekeche

Karibu na kila tofali, chukua pia udongo wa kawaida, lita tano au kumi kwa kila sentimita tano za kina, ukianzia chini kwenda juu ili wa juu usidondokee wa chini. Uchekeche kwa maji kwenye nyavu mbili, ya milimita 2 juu na ya nusu milimita chini. Kinachoelea ni makala na mbegu. Kiondoe kwanza kwa chujio la chai. Kilichobaki kianike kivulini.

Unatafuta takataka za kuchongea jiwe. Mtu akiondoka huchukua kisu chake cha jiwe, lakini vumbi la kuchongea halichukui. Vipande vya chini ya milimita 2 hubaki pale alipokaa, maana havionekani, havichomi mguu, na hakuna anayefagia. Kwarizi ndiyo shida yetu: ndilo jiwe walilolipenda, na ndilo linalopasuka lenyewe kwenye mishipa ya mwamba. Katika pango la Matupi, Ituri, mwanaakiolojia Francis Van Noten alifukua miaka ya 1970 visu vidogo vya kwarizi ambavyo vya chini kabisa vina umri unaozidi miaka 40,000, kwa hiyo usilidharau. Kipande kilichopigwa kina makali mapya, ni chembamba kama gamba la samaki, na huwa na wenzake wengi mahali pamoja. Kilichopasuka chenyewe kina pembe nene, mara nyingi na kutu ya chuma kwenye nyufa. Hesabu kwa kila lita ya udongo, halafu linganisha na ndoo ya nje ya pango. Ukipata vipande 40 kwa lita ndani na 38 nje, huna mgeni.

Hatua ya 7: kutoka tofali hadi lame

Jiwe la mgodini linakatika lenyewe. Udongo ukiugusa kwa msumeno unamwagika, kwa hiyo lazima uugeuze jiwe kwanza. Ukaushe kivulini wiki kadhaa, umalizie kwenye tanuri kwa joto dogo. Kisha uunyweshe udongo rezini ya poliesta, ileile ya mafundi wa faiba, iliyolainishwa kwa asetoni: sehemu saba kwa tatu, na kigandishi matone machache tu. Mimina pembeni kidogo kidogo ili ipande yenyewe ndani ya udongo, hewa itoke kwa juu. Ukimimina juu moja kwa moja umefungia mapovu. Fanya kazi hii mahali penye hewa, mbali na mbabula ya mama anayekaanga mandazi dirishani. Asetoni inadaka moto hata kwa mbali.

Subiri. Mara yangu ya kwanza sikusubiri. Tofali lilikuwa na unyevu moyoni, mimi nikadhani limekauka kwa kuwa lilikuwa jepesi mkononi. Baada ya wiki nne nje lilikuwa kioo, ndani lilikuwa bukari (ugali) mbichi. Msumeno uliingia, ukalitapika lote. Tabaka ile ilikuwa na unene wa milimita nne na haikuwa na nyingine. Sasa ninapima uzito kila siku mbili. Uzito ukigoma kushuka mara tatu mfululizo, ndipo namwaga rezini. Na kigandishi nakiweka kidogo kuliko kilichoandikwa kwenye mkebe, ili rezini igande polepole, wiki sita hata nane.

Likishakuwa jiwe, ni kazi tunayoijua: kata, gandisha kwenye kioo, saga. Tumia mafuta badala ya maji, maana udongo wa mfinyanzi hunywa maji na kuvimba. Utajua umefika milimita 0.03 pale punje za kwarizi zitakapoonyesha rangi ya kijivu hadi nyeupe chini ya mwanga uliokingamishwa (unaopitishwa kwenye vichujio viwili vya hadubini vilivyokingamana). Zikiwa za njano, endelea kusaga.

Hatua ya 8: kusoma

Anza bila hadubini. Weka lame juu ya karatasi nyeupe uitazame kwa macho, halafu kwa lenzi ya mkono. Mwelekeo wa tabaka unaonekana vizuri hivyo. Ukikimbilia ukuzaji mkubwa unaanza kusoma herufi kabla hujajua kitabu kinashikwaje.

Moto wa usiku mmoja, ukibahatika kuukuta mzima, una sakafu tatu: chini udongo uliobadilika rangi, kati utando mweusi, juu majivu. Utando mweusi si lazima uwe kuni. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa kituo cha kale cha El Salt, Uhispania, yalionyesha kwamba weusi huo mara nyingi ni majani na takataka zilizokuwapo sakafuni kabla ya moto, zikaungulia chini yake. Yaani ile nyeusi ni sakafu aliyoikuta mgeni, na majivu ndiyo aliyoyaacha. Wekundu wa chini, kwetu, usiupe uzito mkubwa. Udongo wa Katanga ni mwekundu bila kuulizwa.

Majivu ya kuni ni chokaa, na pango nalo ni chokaa, kwa hiyo kudondosha asidi uone kama inatoa povu hakukusaidii. Chini ya hadubini, hata hivyo, majivu yana sura yake. Miti mingi ina vifuwele vidogo vya oksalati ndani ya maganda na majani; moto unavigeuza chokaa lakini umbo lake la almasi ndogo linabaki. Ukiona vialmasi hivyo vimejazana, hilo ni jivu.

Mfupa ulioungua huenda kahawia, kisha mweusi, na ukipata moto mkali wa zaidi ya nyuzi 600 hivi unakuwa wa kijivu hadi mweupe. Ukiukuta umevunjika mahali palepale, vipande vikikaribiana kama meno, mtu au mnyama mzito aliukanyaga pale ulipo. Tafuta pia tabaka nyembamba za mimea iliyolala upande mmoja. Watu walitandika: katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, kuna matandiko ya majani ya miaka 77,000, na katika Border Cave kuna nyasi zilizotandikwa juu ya jivu miaka kama 200,000 iliyopita.

Na vibonge vyekundu vya mzee wa makala? Hivyo ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Kibonge cha udongo wa nje, chenye kingo za mviringo, ndani ya mashapo ya kijivu ya pango, pasipo na njia ya maji ya kukileta, kimeletwa na mguu. Peke yake hakisemi kama ni mguu wa mtu au wa mnyama. Kikiwa juu ya utando mweusi na kando ya vumbi la kwarizi, kinasema.

Waongo wa pangoni

Mashahidi wa uongo humu ni wengi kuliko wa kweli.

Makala ya moto wa porini. Kila kiangazi msitu wa miombo unaungua na upepo unaingiza vumbi jeusi pangoni. Hilo hutawanyika kila mahali sawasawa, chembe ndogondogo, bila jivu wala mfupa. Tofali lako la nje litalifichua.

Mifupa ya panya kwa mamia ni ya bundi. Mfupa mkubwa wenye mitaro mipana ya meno mawili sambamba ni wa nungunungu. Fosfati nyingi ni za popo, na ubaya wao hauishii hapo: kinyesi chao kinachacha, kinatoa asidi, kinakula majivu na mifupa. Pango la popo lisilo na majivu halithibitishi kwamba hapakuwa na moto.

Mfupa mweusi. Huu umewadanganya watu wazima. Wetu ulikuwa mweusi tititi, unang'aa, na kila mtu mezani alikwishaandika "umeungua". Manganizi hupaka mifupa rangi hiyohiyo bila moto wowote, na kwa ardhi yetu iliyojaa madini meusi, shaka iwe ya kwanza. Nenda famasi ukanunue maji ya oksijeni, yale ya kuoshea vidonda. Vunja kipande kidogo, kitazame: mfupa ulioungua huwa mweusi mpaka ndani, uliopakwa huwa na gamba jeusi na moyo wa njano. Kisha dondosha tone moja kwenye weusi. Wetu ulitoa povu papo hapo, kama soda iliyotikiswa. Manganizi. Mezani kukawa kimya, tukafuta. Povu dogo la polepole laweza kutoka hata kwenye uchafu wa kawaida, kwa hiyo ukipata la namna hiyo, peleka mfupa kwenye hadubini usikate hukumu.

Na mchwa. Wewe unaviona vichuguu vyetu vilivyo virefu kuliko nyumba. Udongo ule wote umetolewa chini ukapandishwa juu, na mawe yakashuka. Gombe, Kinshasa, mwanaakiolojia Daniel Cahen aliunganisha vipande vya mawe vilivyotoka kwenye jiwe moja, akakuta vimelala katika vina mbalimbali ambavyo wote walidhani ni vipindi tofauti. Matokeo aliyachapisha pamoja na mwenzake Moeyersons mwaka 1977, na tangu hapo hakuna mtu makini wa Afrika ya Kati anayeamini kina peke yake. Katika lame, njia ya mchwa ni mfereji wa mviringo uliojazwa udongo wa rangi nyingine. Mfereji ukikata utando wako mweusi, usichukue chochote kutoka humo.

Siku moja au miaka mia?

Piga hesabu hii kabla hujasema "usiku mmoja". Kama mita moja ya mashapo ilijaa kwa miaka 20,000, sentimita moja ni miaka 200 na milimita moja ni 20. Wageni wawili waliopishana kwa miaka 15 wamelala kitanda kimoja. Kumbuka mzee wangu: mioto mitatu, jivu moja, na sisi tulikuwa palepale mwezi uleule.

Pakiwa na utando wa tope safi kati ya mioto miwili, una ziara mbili. Vipande vya jiwe moja vikiungana na vyote viko juu ya utando mmoja, una ziara moja inayoaminika. Kuna pia masizi. Katika pango la Mandrin, Ufaransa, moshi wa kila ziara ulinaswa ndani ya magamba membamba ya chokaa ukutani, mstari kwa mstari kama miduara ya mti. Kwa kuisoma, watafiti walisema kwamba kati ya moto wa mwisho wa Waneandertali waliotangulia (watu wa kale wa jamii nyingine, waliotoweka) na wa kwanza wa watu kama sisi, miaka kama 54,000 iliyopita, haukupita zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo gamba la chokaa lililoanguka kutoka darini usilitupe. Likate, lisage.

Kwa umri wenyewe, kipimo cha kaboni kinafika miaka 50,000 hivi, na kinahitaji miligramu chache tu za makala. Usipeleke chembe iliyookotwa kwenye chekeche. Peleka iliyo ndani ya moto uliouona kwenye lame. Chembe moja ya moto wa porini inaweza kukupa tarehe nzuri sana ya kitu ambacho hakikutokea.

Cha kupeleka mbali

DNA ya watu wa kale imewahi kutolewa kwenye udongo mtupu wa mapango, bila mfupa. Kazi iliyofungua mlango huo ilitoka mwaka 2017. Joto ni adui yake, kwa hiyo katika nchi zetu usijipe matumaini makubwa. Chukua hata hivyo vijiko viwili kwa glavu mpya na chombo safi, kabla hujapumulia ukuta, uweke kwenye friji. Sampuli nyingine funga kwenye karatasi ya alumini, si plastiki, kwa ajili ya mafuta ya kinyesi: tumbo la mtu hugeuza kolesteroli kwa namna yake, na pale El Salt walikutana hivyo na kinyesi cha Waneandertali cha miaka kama 50,000. Mgeni wa usiku mmoja naye hujisaidia, ila mara nyingi nje.

Hukumu

Mimi nataka mashahidi watatu wasiojuana. Vumbi la kwarizi kutoka kwenye chekeche, jivu kutoka kwenye lame, mfupa ulioungua na ukashinda tone la oksijeni: hao watatu, kwenye utando mmoja, naandika "mtu". Wawili, naandika "huenda". Mmoja, naandika namba ya tofali na kunyamaza. Uchafu wa kiatu siuhesabu kama shahidi kamili, ingawa moyo unataka.

Tofali usilikate lote. Nusu ibaki kabatini na mshale wake wa juu, maana kuna atakayekuja na mashine ambayo bado haijatengenezwa. Kwetu lame ya kwanza kwenye rafu ni ya jivu la mzee, tuliyoikata kwa idhini yake. Ndiyo ninayoiweka chini ya hadubini kila ninapoletewa tabaka jipya, nilinganishe. Aliuliza tungeandika nini juu yake, tukamwambia achague mwenyewe. Imeandikwa: "Mvua. Mara mbili. Ile nyingine si mimi."